Tathmini ya sanduku la kadi za vivumishi: linafaa kwa upatanisho, halitoshi kwa insha

Sanduku la kadi za vivumishi ninalolitathmini hapa linauzwa katika maduka ya vitabu ya Mombasa na Nairobi, na limekusudiwa wanafunzi wa Gredi ya 4 hadi ya 6 wanaojifunza kuandika insha za wasifu. Sitalitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zimo pia katika seti nyingine za aina hiyo zinazopangwa nalo rafuni, na ningependa mzazi au mwalimu aweze kuitumia tathmini hii kuipima seti yoyote atakayoikuta dukani. Nimelitumia na darasa la Gredi ya 5 katika shule ya msingi huku Pwani. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba linafundisha umbo la kivumishi vizuri kuliko kitabu chochote cha kiada nilichopata kukitumia, ilhali kazi ya kivumishi ndani ya insha inafundishwa kwa namna inayomfanya mtoto aandike vibaya zaidi ya alivyokuwa akiandika awali.

Ndani ya sanduku mna kadi za nomino zenye picha, kadi za mizizi ya vivumishi, gurudumu la kadibodi linaloonyesha ngeli (makundi ya nomino), chati ya tashbihi ya kubandika ukutani, kitabu cha mazoezi, na kijitabu cha mwongozo kwa mwalimu. Kadi ni ngumu na zimefunikwa kwa plastiki nyembamba, kwa hiyo zinastahimili mikono ya watoto waliotoka kula maembe. Sanduku lenyewe ni hafifu, na mimi nimekwisha kuyahamishia yaliyomo kwenye mkebe wa biskuti. Picha zimechorwa vizuri, na nimefurahi kuona tuktuk, jahazi, mbuzi, jiko la makaa na mkeka mahali ambapo seti nyingi za namna hii huweka treni na tufaha.

Gurudumu la ngeli ndilo linalostahili sifa za kwanza. Duara la nje lina ngeli kuanzia A-WA hadi PA-KU-MU, na duara la ndani lina dirisha dogo ambamo kadi ya mzizi huchomekwa, kisha mtoto anazungusha na kuona kiambishi kinachostahili. Mzizi -refu ukiwekwa humo, mtoto anapata mtoto mrefu, miti mirefu, kisu kirefu, majani marefu, na anapofika kwenye I-ZI anaikuta njia ndefu, ambapo kwa kawaida darasa zima hupaza sauti ya mshangao. Waliotengeneza gurudumu hili walijua matatizo yalipo. Hawakuishia kwenye mizizi myepesi kama -zuri na -kubwa, bali waliweka pia mizizi inayoanza kwa irabu, kama vile -eupe, -eusi na -embamba, ambayo ndiyo huwafanya watoto waandike "kiti kieupe" au "macho nyekundu". Mtoto anayezungusha -eupe na kuona mweupe, cheupe, jeupe, meupe, nyeupe na peupe zikipita dirishani moja baada ya nyingine hahitaji kukariri kanuni, kwa sababu anaiona kanuni ikifanya kazi mbele yake.

Vivumishi visivyochukua viambishi, kama safi, hodari, imara, laini, ghali na nadhifu, vimechapishwa kwenye kadi za rangi tofauti ambazo kwa makusudi haziingii kwenye dirisha la gurudumu. Ubunifu huu mdogo umenisaidia kuondoa kosa la "maji masafi" na "chumba kisafi", ambalo huwapata hasa watoto wenye bidii, wale ambao wamekwisha kuelewa kwamba Kiswahili kinapenda upatanisho na sasa wanaupachika hata pasipohusika. Viumbe wenye uhai navyo vimetendewa haki: kadi ya simba inaelekeza kwenye A-WA, ili mtoto aandike simba mkali, wala asidanganywe na umbo la nomino akaandika simba kali. Ikiwa watoto wako husema Kiswahili cha mtaani ambamo upatanisho umelegea, au ikiwa wanalelewa Muscat au Minneapolis na Kiswahili wanakisikia nyumbani tu, gurudumu peke yake linatosha kuwa sababu ya kulinunua sanduku hili.

Sifa ya pili ni mchezo mmoja ulio katika mwongozo, ambao umeelezwa kwa aya fupi kana kwamba waandishi hawakujua thamani yake. Mwalimu anachukua kadi moja ya mzizi na kuwaacha watoto watafute nomino nyingi kadiri wawezavyo zinazoukubali. Kwa mzizi -kali darasa langu lilileta kisu, mbwa, jua, pilipili, siki, dawa, baridi, maneno na mwalimu, na ndipo mjadala ukaanza: ukali wa siki unaupata kwa ulimi, ukali wa wembe kwa ngozi, ukali wa maneno unaupata wapi? Mzizi -zito nao ulitoa mzigo, uji, usingizi na habari. -Kavu ulianza na kuni ukafika kwa mtu mwenye macho makavu, yaani asiyeona haya. Mizizi ya vivumishi vya sifa katika Kiswahili si mingi sana, lakini kila mmoja una wigo mpana, na mtoto anayejua wigo wa -kali ameshika silaha bora kuliko yule aliyekaririshwa visawe kumi vya -zuri. Laiti sanduku zima lingejengwa juu ya mchezo huu.

Kwa bahati mbaya halikujengwa hivyo. Kitabu cha mazoezi, ambacho ndicho kinachochukua muda mwingi wa mtoto, kimeshikilia dhana kwamba maelezo mazuri ni maelezo yenye vivumishi vingi. Zoezi la kawaida linatoa sentensi fupi, kwa mfano "Niliona nyumba", na kumtaka mwanafunzi aongeze vivumishi vitatu ili "aipambe". Jibu la mfano lililochapishwa ni "Niliona nyumba kubwa nzuri maridadi nyeupe", ambalo hata hesabu yake haikubaliani na swali. Wiki chache baada ya kuanza mazoezi hayo, insha za darasa langu zilianza kujaa sentensi za aina hii: "Bibi yangu ni mzuri, mkarimu, mpole, mcheshi na mwema." Sarufi yake haina dosari hata moja, lakini msomaji akimaliza kuisoma hawezi kumtambua bibi huyo miongoni mwa mabibi watano waliokaa barazani.

Tatizo hili lina chanzo cha lugha, si cha ufundishaji pekee. Katika Kiswahili kivumishi hufuata nomino, na kila kivumishi cha sifa kinachochukua kiambishi hurudia upatanisho uleule. Vikipangwa viwili vinasikika vizuri. Vikifika vinne sentensi inaanza kugonga sikio kwa viambishi vile vile, na nomino iliyopaswa kuonekana imekwisha kusahaulika nyuma. Lugha yetu ina njia nyingine nyingi za kueleza, na wasemaji huzitumia kila siku bila kufikiri. Husema nguo iliyochakaa, ukuta uliobambuka rangi, embe lililoiva upande mmoja, mzee mwenye mvi za nyusi, kijana wa maneno mengi, chai ya tangawizi. Husema pia shuka nyeupe pe, giza totoro, kimya jii, nguo zimelowa chepechepe. Virejeshi (kama iliyochakaa), a-unganifu (kama ya tangawizi), -enye na tanakali za sauti (kama pe na jii) ndizo zana ambazo mtu wa Pwani huzishika kwanza anapotaka umwone mtu asiyekuwepo, na silabasi za shule zimekuwa zikiorodhesha vivumishi vya a-unganifu na virejeshi pamoja na vile vya sifa. Katika sanduku hili hakuna kadi hata moja ya aina hizo. Nilishindwa kuamini, nikazipanga kadi zote juu ya meza ili nihakikishe.

Chati ya tashbihi imenikera zaidi. Ina tashbihi ambazo kila aliyesoma Kenya anazikumbuka: mrembo kama hurulaini, mweusi kama makaa, mjanja kama sungura, mweupe kama theluji. Theluji ipo nchini, kileleni mwa Mlima Kenya, lakini watoto wanaovuka feri ya Likoni kila asubuhi hawajapata kuishika, na Pwani hii ina pamba, tui la nazi na ngozi ya dafu changa. Chati hii ni mabaki ya enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ambamo karatasi ya insha ilikuwa na alama 40 na mtahiniwa alipewa dakika 40 kuikamilisha. Chini ya shinikizo hilo walimu wengi, nami nikiwa mmoja wao, tuliwapa watoto hazina ya misemo ya kubeba kichwani hadi chumba cha mtihani: mianzo yenye jua linalochomoza na ndege wanaoimba, na wahusika wanaofanana na tausi. Mtihani ule umeondoka, na mtaala wa umilisi unatutaka tumpime mtoto kwa kile anachoweza kufanya. Sanduku lililotengenezwa kwa ajili ya mtaala huo lisingepaswa kubandika tena ukutani orodha ya vitu ambavyo mtoto ameruhusiwa kuviona kwa macho ya wengine. Chati yangu imegeuzwa, na mgongo wake mweupe tunautumia kuandikia tashbihi ambazo watoto wenyewe wamezitunga baada ya kukitazama kitu.

Rangi zinahitaji onyo la peke yake kwa mnunuzi. Mizizi ya rangi inayochukua viambishi ni mitatu, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote huelezwa kwa a-unganifu, na aghalabu kwa kuvirejelea vitu vinavyozibeba, kama vile rangi ya kijani, ya manjano, ya chungwa, ya zambarau, ya kahawia, ya jivu. Sanduku hili lina kadi iliyoandikwa "-kijani", pamoja na kistari, na inaingia barabara kwenye dirisha la gurudumu. Mwanafunzi mmoja mwangalifu aliizungusha, akanisomea kwa fahari "mti mkijani". Alifuata maelekezo yote. Kosa ni la kadi. Ichomoe kadi hiyo kabla ya kumkabidhi mtoto sanduku, kisha umpeleke uani au sokoni atafute rangi zinavyoitwa na watu. Darasa langu lilirudi na kijani kiwiti na rangi ya ugoro, na mtoto mmoja akasema rangi ya shangazi yake ni maji ya kunde, maelezo ambayo hakuna kadi ingeweza kumpa.

Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kutoa fedha, niliamua kulitumia sanduku kwa namna niliyoona inafaa, na huenda maelezo ya matumizi hayo yakamsaidia aliyenalo tayari. Gurudumu na kadi za mizizi zinabaki kwa vipindi vya sarufi, na humo zinafanya kazi nzuri. Kipindi cha insha kinapofika, kadi zinafungiwa mkebeni na mezani ninaweka kitu halisi: dafu lililokatwa, kofia ya vito, kikapu kilichofumuka ukingo. Sharti la kwanza ni kwamba -zuri na -baya hazitumiki, kwa sababu hizo ni hukumu za mwandishi na msomaji bado hajapewa ushahidi. Sharti la pili ni kwamba kivumishi kimoja tu kinaruhusiwa kwa kila nomino, na mwandishi awe tayari kukitetea. Kwa nini umeandika kikapu "kikuukuu"? Uliona nini? Mtoto akijibu kwamba mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa cha leso, basi hilo ndilo la kuandika, na kikuukuu kinaweza kubaki au kuondoka.

Zoezi ambalo limezaa matunda mengi zaidi halimo katika sanduku, nalo ni vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango", na jibu ni yai. "Kuku wangu katagia mibani", na jibu ni nanasi. Hapo hamna kivumishi cha sifa hata kimoja, na bado kitu kimeelezwa kwa usahihi unaomwezesha asiyekiona kukitambua. Watoto wanatunga vitendawili vyao kuhusu kitu kilicho mezani, wenzao wanategua, na kitendawili kisichoteguliwa kinarudishwa kwa mwenyewe akatazame tena. Baada ya hapo tunakiandika upya kama aya ya wasifu, na sasa vivumishi vinaingia vichache na kwa kazi maalumu. Yule aliyeandika kwamba bibi yake ni mzuri, mkarimu na mpole aliniletea baadaye sentensi hii: "Bibi yangu ana vidole vilivyopinda kwa kusuka makuti, na akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya leso." Vivumishi vyake vya sifa vimetoweka vyote, na bibi mwenyewe ameonekana. Kwa kigezo cha kitabu cha mazoezi, sentensi hiyo haipati alama yoyote.

Hili linanileta kwenye kijitabu cha mwongozo, ambacho kinampa mwalimu jedwali la kusahihishia. Alama zinatolewa kwa idadi ya vivumishi, kwa usahihi wa upatanisho na kwa idadi ya tashbihi. Upatanisho ni halali kuupima. Idadi ni kipimo cha uvivu wetu sisi wasahihishaji, kwa maana kuhesabu ni rahisi kuliko kusoma, hasa unapokuwa na madaftari ya watoto sitini mezani. Nauelewa uchovu huo, lakini jedwali linalougeuza kuwa kanuni linamfundisha mtoto kuandika kwa ajili ya anayehesabu. Ningependekeza jedwali hilo libadilishwe kwa swali moja ambalo mtoto mwenzake anaweza kulijibu: ukisoma maelezo haya, je, unaweza kukichora kitu hiki? Sisi tumefanya hivyo hasa. Mchoro unaotofautiana na kitu umekuwa masahihisho yanayoeleweka kuliko wino wangu mwekundu, na aliyeandika "mti mkubwa mzuri" na kuchorewa mwembe ilhali yeye alikuwa anaeleza mbuyu alijua mara moja alichokisahau.

Kuhusu bei, sanduku linagharimu karibu sawa na vitabu viwili vya kiada, na si bei ya kutupa kwa shule ya kawaida. Shule inayofikiria kununua masanduku kadhaa inafaa inunue moja tu, kisha walimu watengeneze nakala za gurudumu kwa katoni na pini, kazi ambayo watoto wa Gredi ya 6 wanaiweza. Kwa upande wa picha, zipo za bure na nyingi zaidi katika tovuti ya African Storybook, mradi wa Saide ya Afrika Kusini uliofungua tovuti yake mwaka 2014, ambamo hadithi za watoto katika Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika zimewekwa kwa leseni huria. Mwalimu anaweza kuzipakua, kuzichapa, na hata kuandika maneno yake mwenyewe chini ya michoro iliyopo. Mimi huchagua ukurasa mmoja wenye watu na shughuli, nikafunika maandishi, na kuwaachia watoto kazi ya kuueleza kabla ya kuyafunua. Mtandao ukiwa wa shida shuleni, kurasa chache zilizochapwa mjini zinatosha muhula mzima.

Kwa mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani, ushauri wangu ni kununua sanduku hili iwapo mtoto anakosea upatanisho mara kwa mara, na kuanza na gurudumu na mchezo wa mzizi mmoja. Iwapo mtoto anapatanisha vizuri na shida yake ni insha zisizo na uhai, mzazi aihifadhi fedha hiyo. Kwa mwalimu wa Gredi ya 4, ambaye watoto wake ndio kwanza wanazifahamu ngeli, lina manufaa makubwa kuliko kwa mwenzake wa Gredi ya 6. Kitabu cha mazoezi kinaweza kutumika kuanzia mwanzo hadi sura ya upatanisho. Kurasa zinazofuata, zenye kichwa cha "kupamba sentensi", mimi nimezibana kwa kibanio. Toleo jipya likitoka bila kadi ya "-kijani" na likiwa na kadi za virejeshi na -enye, nitalinunua tena kwa fedha zangu mwenyewe.